Mgeni wa Odense na Jembe Lake

WAHENGA wetu walikata shauri zamani: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko Denmark methali hiyo haijulikani, lakini yapo yaliyompata Mdenmark mmoja ambayo yangetosha kumfundisha maana yake.

Mwaka 1857 mwandishi Hans Christian Andersen alikwenda Uingereza kumzuru mwandishi mwenzake, Charles Dickens. Alitarajiwa kukaa wiki mbili. Akakaa tano. Alipoondoka mwenyeji wake alishusha pumzi, na tangu siku hizo barua za Dickens kwa Andersen zikakatika.

Andersen huyo ndiye mwana mashuhuri kuliko wote wa mji wa Odense. Alizaliwa huko mwaka 1805, baba yake fundi viatu, mama yake mfua nguo. Akiwa na umri wa miaka 14 aliuacha mji akaenda Copenhagen kutafuta riziki. Maisha yake yote hakumiliki nyumba. Alilala katika hoteli, katika vyumba vya kupanga na katika makasri ya marafiki, akasafiri nje ya nchi karibu mara thelathini, na kila alipotua aliandika. Ndani ya sanduku lake alibeba kamba ndefu, ili hoteli ikishika moto ateremkie dirishani.

Watu wa namna yake siku hizi wamekuwa wengi. Badala ya kamba wamebeba kompyuta ya kupakata. Mwajiri yuko London au Nairobi, na mfanyakazi yuko popote penye intaneti. Baadhi yao huchoshwa na miji mikubwa, wakatazama ramani na kusema: twende mahali padogo, patulivu, kama Odense.

Je, mtu wa aina hiyo huishi vipi huko, siku baada ya siku? Na afanye nini ili asiwe mgeni wa wiki ya tano?

MJI WENYEWE

Mkenya akitajiwa Denmark aghalabu humkumbuka Karen Blixen aliyelima kahawa chini ya milima ya Ngong, au Wilson Kipketer, mzaliwa wa kwetu aliyeikimbilia Denmark na kuvunja rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1997. Odense ni wachache wanaoijua.

Ni mji wa tatu kwa ukubwa nchini humo, lakini usidanganyike na cheo hicho. Wakazi wake hawafiki laki mbili. Ukiutia ndani ya Nairobi utapotea. Uko katika kisiwa cha Fyn, na kutoka Copenhagen ni mwendo wa saa moja na robo hivi kwa treni, kwa kuvuka mlango wa bahari uitwao Storebælt. Kabla ya mwaka 1997, treni zilipoanza kupita hapo, abiria walivushwa kwa feri. Magari yalifunguliwa daraja lao mwaka 1998.

Katikati ya mji ni mahali pa kutembea kwa miguu. Wakati mmoja haikuwa hivyo. Katika miaka ya 1960 wakuu wa mji waliona maendeleo ni magari, wakapasua barabara pana katikati ya mitaa ya kale. Mwaka 2014 barabara hiyo ilifungwa, na pale palipokuwa na moshi wa magari pakajengwa nyumba, viwanja na bustani. Karibu na hapo ndipo lilipo jumba jipya la makumbusho ya Andersen, lililochorwa na Mjapani Kengo Kuma na kufunguliwa mwaka 2021. Sehemu yake kubwa imefukiwa chini ya ardhi, juu yake kukapandwa miti. Mwaka uliofuata zilianza kazi treni nyepesi za mjini, zenye njia ya kilomita 14.5 na vituo 26.

Wageni wa kazi hawakosekani. Kiwanda kikubwa cha kuunda meli cha Lindø, jirani na mji, kilifungwa mwaka 2012, lakini elimu ya uhandisi haikufa pamoja nacho. Kampuni ya Universal Robots, iliyoanzishwa Odense mwaka 2005, na nyingine nyingi zilizoifuata, zimeufanya mji huu kuwa mahali pa kuundia roboti. Kipo pia Chuo Kikuu cha Kusini mwa Denmark. Kwa hiyo Kiingereza kinasikika kila pembe, na mgeni hatalala njaa kwa kukosa lugha.

KARATASI KWANZA

Kabla ya kufunga mizigo, msomaji atambue jambo moja. Mkenya anahitaji viza kuingia Denmark. Viza ya kuzuru humruhusu mtu kukaa katika nchi za mkataba wa Schengen siku zisizozidi 90 katika kila siku 180, naye sharti awe na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Viza hiyo haimpi mtu ruhusa ya kufanya kazi nchini humo, na Denmark haina viza maalum ya watu wanaofanya kazi kwa kompyuta wakiwa safarini, kama walivyoanzisha baadhi ya mataifa ya Ulaya. Anayetaka kukaa na kufanya kazi hana budi kupata kibali cha namna nyingine. Aulize ubalozini mapema, wala asitegemee maneno ya vijiweni.

Anayepata kibali cha kukaa muda mrefu huandikishwa na kupewa nambari iitwayo CPR. Mpango huu ulianza mwaka 1968. Nambari ina tarakimu kumi, na sita za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa. Bila nambari hiyo huwezi kufungua akaunti ya benki kwa urahisi, wala kuwa na daktari wako, wala kupata kadi ya manjano ya matibabu. Ukiwa nayo, milango hufunguka mmoja baada ya mwingine, na kumwona daktari ni bure. Mtu asiye nayo ni kama kivuli: anaonekana barabarani, lakini vitabuni hayumo.

Kwa nyumba, mpangaji ajiandae vilivyo. Sheria humruhusu mwenye nyumba kudai dhamana ya hadi kodi ya miezi mitatu, na juu yake kodi ya miezi mingine mitatu ilipwe mbele. Kwa sababu hiyo wageni wengi huanza na chumba katika nyumba ya mtu mwingine.

JUA LISILOFUATA SAA ZETU

Sisi tunaohesabu saa tangu jua linapochomoza tutapata taabu Odense. Kwetu saa kumi na mbili ni alfajiri au magharibi, mwaka mzima. Kule, mwezi wa Disemba jua huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Mwezi wa Juni mambo hupinduka: jua hutoka mnamo saa kumi na nusu ya usiku, likakaa angani mpaka saa nne usiku, na watoto huvutiwa mapazia mazito ili wapate kulala.

Saa za Odense ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili wakati wa baridi, na saa moja wakati wa kiangazi. Mtu anayefanya kazi na ofisi ya Nairobi inayofunguliwa saa mbili asubuhi atalazimika kuketi mbele ya kompyuta saa kumi na mbili, giza likiwa bado totoro kwa karibu saa tatu nzima. Faida yake ni kwamba atamaliza mapema, naye afanye hima atoke nje auone mwanga kabla haujazimika. Wenyeji wenyewe hutoka. Mvua si udhuru kwao, na mtoto mchanga huvikwa sufu akalazwa ndani ya kigari chake nje ya mkahawa, mama yake akinywa kahawa upande wa pili wa kioo.

Wiki ya kazi kwa kawaida ni saa 37. Saa kumi jioni wengi wamekwisha kutoka ofisini kwenda kuchukua watoto, na saa kumi na mbili jioni familia ziko mezani. Atakayempigia mtu simu ya kazi wakati huo ataonekana hana adabu.

BAISKELI NA ADABU ZAKE

Mji huu uliteuliwa kuwa mji wa mfano wa baiskeli nchini Denmark kati ya mwaka 1999 na 2002, na mpaka leo njia zake za baiskeli huhesabiwa kwa mamia ya kilomita. Daktari huenda kazini kwa baiskeli, mwalimu kadhalika, na bibi wa miaka sabini hubeba viazi vyake kwa kikapu cha mbele. Hakuna anayedhani kwamba mwenye baiskeli amekosa nauli.

Lakini mgeni asiparamie tu. Baiskeli ina sheria zake. Usiku taa ni lazima, mbele na nyuma. Ukitaka kusimama unainua mkono. Ukitaka kupinda unaunyoosha upande wa kupinda. Kwenda kushoto penye njia panda huvuki kwa kukata katikati ya magari, bali unavuka moja kwa moja hadi ng'ambo, unasubiri, kisha ndipo unageuka. Njia ya wapita-kwa-miguu si yako. Na usiiache bila kufuli, maana uaminifu wa Wadenmark, tutakaouona punde, haujafika kwenye baiskeli.

CHAKULA NA MFUKO

Denmark ilikataa sarafu ya yuro katika kura ya mwaka 2000, hivyo pesa yake ni krona. Vitu ni ghali. Ushuru wa VAT ni asilimia 25, na kwa chakula pia ni huo huo, ambapo kwetu ni asilimia 16 na vyakula vingi vya msingi havitozwi kabisa. Anayekula hotelini kila siku atarudi nyumbani kabla ya wakati wake. Wenyeji hununua katika maduka ya bei nafuu, wakapika, na mchana hula mkate mweusi, mzito kama tofali, uitwao rugbrød, uliowekwa samaki, ini la kusaga au yai juu yake.

Maji usinunue. Ya bomba hutoka chini ya ardhi, ni safi, na hunywewa vivi hivi. Ukinunua kinywaji cha chupa au cha kopo unalipa rehani ndogo, krona 1 mpaka 3 kulingana na chombo; ukikirudisha kwenye mashine ya dukani unarudishiwa pesa yako. Mwenye busara huweka mfuko nyuma ya mlango.

Kisiwa cha Fyn kina vyakula vyake viwili vya kujivunia: jibini laini la moshi, na keki iitwayo brunsviger, ambayo ni donge la unga wa hamira lililomiminiwa siagi na sukari ya hudhurungi. Siku ya kuzaliwa bila keki hiyo huonekana kama karamu yetu bila pilau. Utaona pia bendera ndogo za taifa mezani. Usidhani rais anakuja. Kwanza hawana rais, wana mfalme. Pili, bendera ni ya mtoto anayetimiza miaka saba.

MUUZAJI HAYUPO

Ukitoka nje ya mji kwa baiskeli wakati wa kiangazi utakuta jambo litakalokufanya usimame. Kando ya barabara pana kimeza. Juu yake kuna viazi vipya, stroberi, mayai, asali. Bei zimeandikwa. Muuzaji hayupo. Kuna kikasha cha kutia pesa, na basi.

Mgeni atatazama kulia na kushoto akitafuta mlinzi. Hayupo. Watu huchukua mali, wakalipa, wakaenda zao. Nchi hii mwaka 2024 ilikuwa ya kwanza duniani katika orodha ya shirika la Transparency International ya mataifa yaonekanayo kuwa na ufisadi mdogo kabisa, na kimeza kile chatosha kukueleza zaidi ya orodha hiyo.

Walakini mambo yamebadilika kidogo. Badala ya sarafu, wengi siku hizi hulipa kwa simu kupitia MobilePay, iliyoanza mwaka 2013. Hapa Mkenya ana haki ya kutabasamu, kwa kuwa M-Pesa yetu ilikuwa imekwisha kutembea tangu 2007. Lakini tabasamu litakatika: ili kujiandikisha MobilePay unahitaji akaunti ya benki ya kule na ile ile nambari ya CPR. Mpita njia asiye na nambari, na asiye na sarafu, ataziacha stroberi zake mezani.

Mfano huo mdogo una somo kubwa. Uaminifu wa Odense ni wa kweli, lakini ni wa watu waliokwisha kuandikwa. Kwa asiyeandikwa, kila mlango uko wazi, na bado haujui mkono wake.

Wapo walioandikwa ambao pia wameonja ugumu huo. Upande wa mashariki wa mji kuna mtaa wa maghorofa wa Vollsmose, wenye familia nyingi za asili ya Somalia, Lebanon, Iraq na kwingineko. Sheria ya mwaka 2018, ambayo miongoni mwa vigezo vyake hutazama kama wakazi zaidi ya nusu wana asili ya nchi zisizo za Magharibi, iliagiza nyumba za umma katika mitaa ya aina hiyo zipunguzwe. Maghorofa yamebomolewa na familia zikahamishwa. Serikali ilisema inataka watu wachanganyike. Miongoni mwa waliohamishwa wako waliosema hapo ndipo walipokuwa wamechanganyika. Mgeni anayesifu utulivu wa mji huu asisahau kuupitia mtaa huo.

KIMYA

Jambo linalowashinda wengi si baridi wala bei. Ni kimya.

Kwetu salamu ni kazi nzima. Utauliza hali, watoto, mifugo, mvua, ndipo useme lililokuleta. Odense salamu ni neno moja, "hej", na kuagana ni neno hilo hilo mara mbili. Katika treni kuna mabehewa yaliyotengwa kwa ajili ya kunyamaza, lakini hata yale mengine husikii sauti. Jirani anaweza kukaa karibu nawe mwaka mzima akikuinamishia kichwa ngazini, na hakuna zaidi.

Hiyo si chuki wala kiburi. Mdenmark huona kwamba kumwacha mtu na nafsi yake ni heshima. Akikutaka, atakualika, na mwaliko wenyewe huandikwa katika kalenda wiki tatu mbele. Siku ikifika, uwe mlangoni kwa dakika ile ile iliyosemwa, uvue viatu ukiona wenyeji wamevua, na mkiinuka mezani useme "tak for mad", asante kwa chakula.

Anayefanya kazi kwa kompyuta ndiye aliye hatarini zaidi. Mfanyakazi wa kiwandani ana wenzake wa kunywa nao kahawa. Mwanafunzi ana darasa. Huyu wa kompyuta anaweza kuamka, akafanya kazi, akapika na kulala bila kutamka neno kwa kiumbe aliye mbele yake. Anaweza kwenda maktaba kuu, iliyo ndani ya jengo la stesheni ya reli, mahali pazuri, pana joto, meza na intaneti bila malipo. Huko pia atakuta watu wengi, na wote wamenyamaza.

Jembe lake amekuja nalo kutoka kwao, lakini linalima shamba la mbali. Mji haupati chochote kwa mkono wake, naye hana analopata kwa mji ila hewa safi.

JEMBE LINAPATIKANA WAPI?

Linapatikana kwenye chama. Wadenmark wenyewe hutaniana kwamba wakikutana watatu huunda chama, wakachagua mwenyekiti na mweka hazina. Kuna vyama vya mpira wa mikono, vya kwaya, vya makasia, vya bustani, vya kucheza karata, vya kusoma vitabu. Sheria inazitaka manispaa zivisaidie kwa kumbi na ruzuku. Michezo ya watoto huendeshwa zaidi na vyama hivi kuliko shule, na makocha wengi ni wazazi wanaojitolea bila ujira.

Humo ndimo kimya huvunjika. Mtu yule aliyekupita ngazini kama nguzo atakupigia kelele za furaha ukimrushia mpira vizuri. Hakuna cheo: meneja wa benki na fundi bomba huitana kwa majina yao ya kwanza, na baada ya mchezo wote hukunja wavu pamoja.

Kuna pia milo ya pamoja katika kumbi za mitaa, ambapo watu huketi meza ndefu na kula chakula kimoja kwa bei ndogo. Mgeni atakula mara ya kwanza. Mara ya pili akae nyuma kidogo baada ya wengine kuondoka, akunje mikono ya shati, aulize sahani zinaoshwa wapi. Hataulizwa kibali cha kazi kwa kuosha sahani alizolia, na mazungumzo ambayo hakuyapata kwa miezi miwili atayapata kwenye karai la maji ya sabuni.

Ajifunze na lugha kidogo. Kidenmark ni kigumu kutamka, maana nusu ya herufi humezwa, na wenyeji watahamia Kiingereza haraka ili wakupunguzie taabu. Ashikilie. Anayejaribu kusema lugha ya mwenyeji ameonyesha kwamba hakuja kupita tu.

Wadenmark wana msemo mmoja mzuri, "tak for sidst", yaani asante kwa mara ya mwisho tulipokutana. Huambiwi hivyo na mtu asiyewahi kuketi nawe. Mgeni wa Odense asijipime kwa idadi ya siku alizokaa, wala kwa picha alizopiga mbele ya nyumba ya Andersen. Ajiulize tu ni wangapi katika mji ule wanaoweza kumwambia maneno hayo. Akiwa na watatu, amekwisha kuwa jirani. Akiwa hana hata mmoja, basi afunge sanduku lake, maana siku ya tatu ilikwisha kupita zamani.